Pai ya Kondoo Nyumbani kwa Ndihokubwayo

Kwa miaka ishirini na mitatu Ndihokubwayo alipika nyama ya kondoo bila kuionja hata mara moja. Nilikuwa jirani yake miaka hiyo yote, shamba lake na langu hapa Makere yakitenganishwa na mfereji tu, na niko tayari kuapa mbele ya yeyote kwamba hakuionja.

Alikuwa mpishi wa Bibi Nesi, mama wa Kiingereza aliyekaa katika nyumba ya misheni juu ya kilima, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Jina la kwao lilitushinda kutamka, naye hakudai tulitamke. Ndihokubwayo alianza kazi kwake mwaka 1975, miaka mitatu baada ya sisi kuvuka mpaka kutoka Burundi. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba, na kazi aliyoiweza ilikuwa kupasua kuni. Yule mama akamfundisha mikate, supu na samaki wa kuoka, lakini chakula kilichompa sifa kilikuwa kimoja, nacho kiliitwa pai ya mchunga kondoo. Jumapili mguu wa kondoo uliokwa mzima katika jiko la chuma. Jumatatu nyama iliyobaki ilisagwa kwa mashine ya mkono iliyofungwa ukingoni mwa meza, ikapikwa tena na vitunguu na karoti, ikafunikwa kwa viazi vilivyopondwa na maziwa na siagi, kisha ikarudishwa jikoni mpaka juu pawe pa kahawia. Wageni wa misheni walijua siku hiyo. Gari la Kibondo, ambalo wiki nzima lilikuwa bovu, Jumatatu lilipona.

Lazima nieleze habari ya kondoo, kwa sababu wajukuu wetu hawaijui na wala hawaulizi. Kwetu kondoo haliwi. Alichungwa pamoja na ng'ombe kwa kuwa ni mnyama mpole, na ng'ombe hutulia akiwa kati yao. Alipokufa, ngozi yake ililainishwa kwa siagi siku nyingi ikawa ngobyi, ile ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Mimi nilibebwa ndani ya ngozi ya kondoo, na mama yangu kabla yangu. Mnyama aliyekubeba humweki mdomoni. Na ikitokea chungu kimepikiwa kondoo, kilivunjwa siku hiyo hiyo, hakikurudi tena kwenye mafiga. Siku hizi watoto wanabebwa kwa vitenge vilivyoshonwa nchi ambazo hatuzijui, na vijana wanauziwa kondoo kwenye vibanda vya nyama choma wakiambiwa ni mbuzi, wanakula, wanafuta midomo na kuondoka. Sijasikia hata mmoja aliyeuliza.

Basi Ndihokubwayo alipikaje asichokionja? Alipika kwa macho, kwa pua na kwa vidole. Chumvi aliipima kwa vidole vitatu kwa kila sahani, kama alivyoonyeshwa wiki ya kwanza, na kipimo hicho hakukibadilisha mpaka mwisho. Mezani palikuwa na kichupa cha chumvi chenye matundu. Kila Jumatatu Bibi Nesi alikitikisa juu ya sahani yake kabla ya kuanza kula, na wageni nao wakafanya hivyo. Ndihokubwayo aliniambia kwamba hiyo ni desturi ya Wazungu, kama sala ya kabla ya chakula. Nami niliamini.

Jioni alirudi kwake akinuka mafuta ya kondoo. Mkewe, Niyubahwe, hakumruhusu kuingia hivyo. Alivua shati nje, akalitundika kwenye ua wa matete, akanawa mikono kwa majivu, ndipo akapewa ugali na maharage yake. Shati lililala nje, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Asubuhi Niyubahwe alilichukua yeye mwenyewe kwa ncha za vidole akaenda kulifua mtoni. Nyumbani kwake Ndihokubwayo hakupuliza moto hata siku moja, kwa maana mwanamume mwenye mke hakai jikoni, na hilo halikuwa la kujadiliwa. Mimi sikuliona kuwa baya. Ndivyo tulivyoishi.

Bibi Nesi aliondoka mwaka 1998, mzee tayari. Nyumba ikakaa watu wengine, kisha ikakaa popo, kisha mabati yakaondoka moja moja. Ndihokubwayo akarudi kwenye mihogo na maharage. Sifa ya mikono yake iliisha na wale walioijua, na kijijini hapakuwa na wa kumwuliza lolote kuhusu upishi.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokuwa zinakwisha, Niyubahwe alianza kushindwa kumeza. Kwanza ugali, halafu wali, halafu hata ndizi. Hospitali walimwingiza mpira wenye taa kooni, wakaandika barua ndefu, na mwisho daktari kijana akamwita mume pembeni akamwambia amrudishe nyumbani, ampe vitu laini, ampe anachokitaka. Binti yao, Akimana, anayeuza vitenge Kasulu mjini, alileta maziwa ya unga, uji wa lishe wa makopo na juisi za rangi. Niyubahwe alikuwa akionja kidogo na kusogeza kikombe. Ilifika wiki ambayo kwa siku nne hakupitisha kitu isipokuwa maji.

Mimi nilikuwa naenda kumwona kila asubuhi. Siku ya nne nilimkuta Ndihokubwayo amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, akimwuliza swali ambalo bila shaka alikuwa amekwisha kuliuliza mara nyingi.

"Mama Akimana, nikupe nini ule?"

Niyubahwe alimgeuzia uso. Kisha akasema, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki kama karatasi inayokunjwa, "Nataka kile cha Bibi Nesi."

Nilidhani anaweweseka. Nadhani na mumewe alidhani hivyo, kwa maana alimjibu polepole, kama mtu anayemkumbusha mtoto. "Kile ni kondoo."

"Najua ni nini. Nimekinusa miaka ishirini na mitatu." Alipumzika, akavuta pumzi. "Mikono yako imemlisha kila mtu aliyepanda kile kilima, Baba Akimana. Mimi nimekula nini kutoka mikononi mwako?"

Nilitazama nje, kwa sababu maneno hayo hayakuwa yangu kuyasikia. Kumbe yale mashati aliyoyashika kwa ncha za vidole alikuwa akiyabeba pamoja na jambo jingine moyoni, na hakuwahi kulitaja.

Tulipotoka, Ndihokubwayo alisema atapika. Nilimwambia majirani watamwona. Nilimwambia pia, na naandika hili kwa kuwa ni kweli, kwamba si vizuri mgonjwa kuvunja mwiko wakati ambao hana nguvu za kuubeba. Akimana, ambaye kwake mwiko huo ni hadithi za wazee, alikuja Jumamosi na suluhisho lake kwenye mfuko: kilo mbili za nyama ya ng'ombe iliyosagwa kwa mashine ya umeme. Alisema mama hawezi kujua. Alisema siku hizi duniani kote watu wanaipika kwa ng'ombe, ameona kwenye simu. Ndihokubwayo aliishika ile nyama, akaigeuza, akaitazama rangi. Tulikubaliana sote watatu. Sitaki kujitoa katika hesabu hiyo.

Alipika nyuma ya nyumba, amejikinga kwa turubai ili wapitao wasimwone. Alitumia sufuria ya bati na makaa juu ya mfuniko. Ilitoka nzuri kwa macho. Akimana alimwinua mama yake, akamwekea mto mgongoni, akamwambia kondoo huyo hapo. Niyubahwe hakufungua mdomo. Alisogeza uso juu ya sahani, akavuta harufu mara mbili.

"Hii ni ng'ombe," alisema.

Akimana alisema ni chakula kile kile.

"Harufu ya shati lake naijua. Hii siyo." Akamtazama binti yake. "Umeanza kuniuzia na mimi?"

Akageukia ukutani. Jumamosi ile na Jumapili hata maji aliyapokea kwa shida. Ndihokubwayo hakwenda kanisani.

Jumatatu asubuhi nilimwona amesimama kwenye lango la zizi langu. Zamani zizi lilikuwa na ng'ombe kumi na tisa. Leo wako watatu, kwa kuwa malisho yamegawanywa viwanja na kila mwenye kiwanja ameweka mawe yake. Lakini pamoja na hao watatu nilikuwa na kondoo mmoja, jike, mwenye sikio lililokatika, aliyetembea mbele yao kwenda mtoni na kurudi. Katika kitongoji chetu hakuna mwingine aliyekuwa bado na ng'ombe na kondoo wakienda pamoja. Watu walinicheka kwamba namfuga wa nini mnyama asiye na kazi.

"Venanti," alisema, "nimekuja kwa ajili ya kondoo."

Nilimwambia mengi. Nilimwambia aende mnadani akanunue. Alisema mnada ni Alhamisi, na kwamba yeye hajui kama kuna Alhamisi. Nilimwambia Wazungu walimharibu, na kwamba kama kila mmoja wetu angeachia kila kitu kila anapoombwa tusingekuwa na kitu cha kuitwa chetu, na kwa kweli hatuna. Nilisema mpaka nikaishiwa. Aliningoja. Hakuwahi kuwa mtu wa maneno.

"Jumamosi nilimdanganya mgonjwa," alisema. "Na wewe ulikuwepo."

Nilifungua lango.

Kati yetu wawili hapakuwa na wa kumchinja. Tulimpeleka kwa Ridhiwani, mwenye bucha hapa senta, Mwislamu ambaye babu yake alitokea pwani na biashara ya chumvi. Ridhiwani alipotuona na ile kamba alicheka akatuuliza kama leo Warundi wameokoka kweli, kwa maana ameishi nasi tangu azaliwe na hajamwona mmoja wetu akimpitisha kondoo mlangoni kwake. Kisha aliona nyuso zetu akauliza kuna nini. Ndihokubwayo alimweleza ni kwa ajili ya nani. Ridhiwani alinawa, akamgeuza mnyama kuelekea kibla, akafanya kazi yake haraka. Alichukua mabega na mbavu, akatuachia miguu miwili ya nyuma, mafuta, mifupa na ngozi, na kisu chake kidogo chembamba, akisema kitarudishwa siku yoyote. Mimi nilikuwa nimesimama nje, mgongo kwenye ukuta.

Chungu hakuna aliyetuazima, na hatukuomba. Ndihokubwayo alinunua kipya, kipana chenye mdomo mfupi, kwa mama mfinyanzi ambaye akifa hapatakuwa na mwingine upande wetu. Viazi alitaka vya Buhigwe tu, kwa kuwa vinapondeka bila kuvuta kama gundi, na Akimana alivileta pamoja na karoti bila kubishana tena. Kisha alipanda kilima peke yake. Karibu na mahali palipokuwa mlango wa jiko la Bibi Nesi kuna kichaka cha majani membamba kama sindano, yenye harufu kali inayobaki vidoleni. Yule mama alikipanda kwa ajili ya kondoo. Nyumba imeanguka, lakini kichaka kimefika kifuani, na Ndihokubwayo alirudi na matawi mawili ndani ya kofia.

Siku hiyo alioka mguu mmoja, mzima, na akaulaza usiku kucha umefunikwa. Nilimwuliza kwa nini asipike mara moja, mgonjwa anangoja. Alisema pai hii ni ya nyama iliyolala, na kwamba tukianza tena kufupisha tutarudi kule kule.

Jumanne alilitoa turubai. Alipika mchana, kwenye uwanja, mbele ya njia, na watu walipita wakamwona mzee wa miaka zaidi ya sabini amepiga magoti mbele ya moto akiwa na mke ndani. Wengine walisimama. Aliwasalimu akaendelea. Nyama aliikata kwa kisu cha Ridhiwani, akaikusanya, akaikata tena, mpaka ikawa kama chenga za mahindi, kwa sababu ya lile koo. Vitunguu na karoti vililainika katika mafuta ya kondoo mwenyewe, bila kuruhusiwa kubadili rangi. Akatia kijiko cha unga wa ngano, supu ya mifupa, na majani machache ya kilimani. Aliacha ichemke kwa moto mdogo huku akinusa mvuke, ameinamisha kichwa upande mmoja, na nilimwona vile alivyokuwa ujanani. Chumvi aliitia kwa vidole vitatu kwa kila sahani.

Alihitaji maziwa. Kwa watu wa ng'ombe maziwa hayakutani na nyama chunguni, la sivyo kiwele hukauka. Nilikuwa nimekwisha kumkamua mmoja. Nilimpa kibuyu nikamwambia asinieleze yanakwenda wapi, naye akayamimina kwenye viazi mbele ya macho yangu. Alivitandaza juu ya nyama, akavikwaruza kwa uma mistari iliyonyooka kama matuta ya maharage, akafunika kwa kipande cha bati, akapanga makaa juu yake. Chini aliacha machache tu. Tulikaa. Harufu ilipotoka, Akimana, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani ghafla, na nilimsikia mama yake akisema kitu ambacho sikukisikia vizuri.

Bati lilipoondolewa, vilele vya mistari vilikuwa vimepata ukahawia na mchuzi ukitokota pembeni. Ndihokubwayo alipakua sahani moja. Halafu alifanya jambo ambalo nadhani hakulifikiria. Aliweka sahani juu ya kinu, akavua shati, akalitundika kwenye ua. Akanawa kwa majivu. Akasimama mlangoni na sahani mkononi, amevaa fulana iliyotoboka begani, kama mtu aliyerudi kazini mwaka 1980.

"Vaa shati lako," Niyubahwe alisema kutoka kitandani. "Ingia nalo."

Alirudi uani akalivaa. Vifungo vilimchukua muda.

Alimlisha mwenyewe, kwa kijiko cha chai. Tonge la kwanza lilikaa mdomoni muda mrefu kiasi kwamba Akimana alisogea na beseni. Halikurudi. La pili lilipita. Alikula vijiko saba, nilivihesabu, katika muda ambao mtu mzima angemaliza sufuria, kisha akaushika mkono wa mumewe ukiwa na kijiko akausukumia kwake.

"Na wewe."

Alitikisa kichwa. Alisema yeye ni mpishi tu.

"Nitakuwa nimekula peke yangu?"

Basi Ndihokubwayo alikula kondoo, kutoka sahani ya mkewe, kwa kijiko chake, jambo ambalo nalo mume na mke wa kizazi chetu hawakulifanya. Alitafuna taratibu. Nilimwona akiacha kutafuna, akikunja uso, akianza tena.

"Chumvi haitoshi," alisema.

"Haitoshi," Niyubahwe alikubali.

"Haikuwahi kutosha." Alishusha kijiko. "Ndiyo maana walikuwa na kile kichupa."

Mkewe alimtazama. Kitu kilimpita usoni, na kwa mtu mwenye koo zima kingekuwa kicheko. "Miaka ishirini na mitatu alikula hivyo, na hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Niyubahwe aliegemea mto wake. "Alikuwa na adabu, yule mama," alisema. Tangu nimfahamu, hilo lilikuwa neno lake la kwanza jema kuhusu Bibi Nesi. Kisha akaomba chumvi. Akimana alileta kidogo kwenye kiganja, Ndihokubwayo akainyunyiza, akaonja kwanza yeye, akaongeza, akaonja tena, ndipo akampa.

Jioni nilimkumbusha kuhusu chungu. Ilinipasa, maana kama sisi hatusemi hakuna wa kusema. Alikibeba mpaka kwenye jiwe lililo karibu na mfereji, akakiinua. Niyubahwe alikuwa ameomba dirisha liachwe wazi. Aliita, akauliza kesho mumewe atapikia chungu gani. Ndihokubwayo alisimama na chungu juu ya kichwa chake. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimekwisha kutoa kondoo, nikasogea nikampisha njia.

Alikiosha, akakifunika juu ya mafiga.

Miguu ile miwili, wa pili ukikaushwa kwa moshi juu ya mafiga, ilitosha siku kumi na moja, kwa kuwa Niyubahwe alikula kidogo. Siku ya kumi na mbili hakuuliza habari ya chakula, na kesho yake alikwenda. Katika matanga vijana walileta spika na jenereta, na wapishi wa kukodi kutoka mjini wakapika pilau kwenye masufuria makubwa kuliko mapipa, wakatia chumvi bila kuonja na hawakuwa na mwiko wa kuwazuia. Ndihokubwayo hakula. Alikaa uani karibu na ua wa matete, akiwa na shati lile lile, ambalo hakuruhusu mtu yeyote alifue.

Ngozi ya kondoo nililainisha mimi, kwa siagi, kama nilivyomwona baba yangu akifanya. Ilikuwa imelala chini ya Niyubahwe siku zake za mwisho, ili kitanda kisimchubue. Ng'ombe wangu watatu bado wanakwenda mtoni kila asubuhi. Wanafika kwenye lango wanasimama, wakingoja mtu atangulie, na siku hizi ninatangulia mimi.